Mistari 143 Ambayo Mama Mwisho Hakuiandika

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, saa tisa na nusu alasiri, karani wa masjala ya karakana yetu ya viungo bandia atafunga droo ya meza yake na kustaafu, baada ya kutumikia miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku kumi na tatu. Hesabu hiyo nimeirudia mara tatu kwenye kalenda, kwa sababu najua mwenyewe atausoma ukurasa huu akiwa na penseli mkononi.

Tunamwita Mama Mwisho. Walioajiriwa miaka ya karibuni wanadhani aliitwa hivyo kwa kuwa yeye ndiye hutoka wa mwisho na funguo. Mimi nilidhani hivyo pia, kwa miezi minne mizima, mpaka ukweli uliponipata nikiwa nimekalia kosa langu mwenyewe. Nitalieleza hapa kwa ruhusa yake. Aliniambia wasifu wake usipokuwa na kosa hata moja, hakuna atakayeamini kwamba ulitokea kwenye ofisi yetu.

Alikuja akiwa mpiga chapa wa barua. Wakati huo habari za wagonjwa ziliandikwa kwenye kadi ngumu, na kadi zilikaa kwenye kabati la mbao lenye droo kumi na sita. Mwaka wake wa tatu mchwa waliingia kwenye droo ya nne. Fundi mkuu wa leo, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi, anakumbuka kumkuta amepiga magoti sakafuni, akiunganisha vipande vya kadi kwa gundi na kibano cha nyusi. Katika droo ile hakupotea mgonjwa hata mmoja, ingawa mzee mmoja alibaki bila umri mpaka alipokuja mwenyewe kuusema.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa haikuwa na kitu zaidi ya mahali pa kuandika maneno matupu. Mama Mwisho akaona panatosha. Kwa miezi kumi na minne alinakili kadi zote kwenye faili moja la maandishi, moja tu, lisilo na rangi wala mistari ya jedwali, na wagonjwa wapya akaendelea kuwaongeza chini. Faili hilo leo lina mistari elfu sitini na tatu na ushee. Sheria yake ni nyepesi. Kila mgonjwa huanza na mstari wenye neno MWANZO na namba yake. Hufuata jina, umri, upande wa mguu, kisha vipimo vya kila safari, kipya chini ya cha zamani. Na kazi ikikamilika huwekwa mstari wenye neno MWISHO.

Swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza ni hili: kazi hukamilika lini?

Mafundi wangejibu kwamba hukamilika mguu ukishavaliwa. Mama Mwisho hakukubaliana nao hata siku moja. Dirisha la masjala linatazama korido ya saruji, na mwisho wa korido kuna bomba la maji. Kila mgonjwa akishavalishwa mguu wake, yeye humwomba atembee kutoka mlango wa karakana hadi bombani na kurudi. Hamtazami. Huinamisha kichwa juu ya kibodi na kusikiliza. Hatua zikilingana, vidole vyake huandika neno lile moja. Zisipolingana, huinua mkono dirishani na kumrudisha mtu kwa fundi. Kuna mwaka fundi mmoja, aliyekwishaondoka, alirudishiwa mgonjwa mara tatu kwa siku moja, akaja dirishani amejaa vumbi la plasta: "Hebu niambie, Mama. Hapa fundi ni nani, mimi au masikio yako?" Akajibiwa kwamba fundi ni yeye, ila mguu ni mfupi kidogo, kama unene wa kifuniko cha chupa. Wakapima. Ulikuwa mfupi kama unene wa kifuniko cha chupa.

Mwezi Januari ilikuja barua kutoka makao makuu. Kompyuta ya zamani itaondolewa tarehe 28 Juni, siku ileile ya kustaafu kwake, na kabla ya hapo kila mgonjwa awe amepatiwa kadi yake kwenye mfumo mpya. Mwezi huohuo niliajiriwa kwa muda wa majaribio, na kazi hiyo ikawekwa mbele yangu. Niliandika programu fupi, zile ambazo watu wa kompyuta huziita skripti. Kazi yake ilikuwa kusoma faili mstari kwa mstari. Ikiona MWANZO, ianze kukusanya. Ikiona MWISHO, ifunge kadi na kungoja MWANZO mwingine. Niliijaribu kwa wagonjwa ishirini wa kwanza, ikatoa kadi ishirini safi. Nikaiachia faili zima, na kadi za majaribio zikaenda kwa mafundi.

Mwezi Aprili alifika msichana wa miaka tisa pamoja na bibi yake, kuchukua mguu mpya kabla shule hazijafunguliwa. Desturi ya karakana ni kutayarisha wayo na muundi mapema kwa kufuata kipimo cha chini kabisa kwenye kadi, kwa kuwa ndicho cha karibuni, ili mgonjwa asikae sana kwenye benchi. Fundi mkuu akaleta alichotayarisha na kukisimamisha kando ya mtoto. Kilimfika pajani. Wayo ulikuwa saizi arobaini na tatu. Msichana akautazama kwa muda, kisha akamgeukia bibi yake: "Bibi, huu mguu ni wa nani? Mwenyewe hautafuti?"

Watu wa benchi walicheka, na mtoto akacheka nao. Mimi sikucheka. Bibi alimtengea mjukuu siku moja tu ya safari, na walirudi nyumbani na mguu uleule wa mwaka jana, uliokwisha kuwa mfupi, umeongezewa kipande cha raba chini.

Nilihesabu. Ndani ya faili kulikuwa na MWANZO 4,212. Kadi zilizotoka zilikuwa 4,069. Watu 143 hawakuwa na kadi, na sikujua wako wapi. Nilishuku nafasi zilizobaki nyuma ya maneno, nikazifuta. Hesabu ikabaki 4,069. Nilishuku herufi ndogo na kubwa, nikazisawazisha; 4,069. Nilishuku alama zisizoonekana ambazo kompyuta ya zamani huweka mwisho wa kila mstari. Siku tatu zikaisha, na 4,069 ikaendelea kunitazama.

Hapo ndipo nilipomfahamu Mama Mwisho vizuri. Nilitegemea anikaripie, au anihurumie, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi. Badala yake alivuta kiti na kuanza kuuliza. Ikikutana na mstari mtupu inafikiri nini? Ikifika mwisho wa faili inajuaje kwamba imefika? Inakumbuka mstari iliousoma kabla ya huu, au huwa imekwisha kuusahau? Maswali mengine sikuwa nimejiuliza, na mawili sikuwa na majibu yake. Programu yenyewe aliipa jina la Mgeni, na akawa akiuliza habari zake kila asubuhi kama mtu anayeulizia mgonjwa wa jirani: "Mgeni kaamkaje?"

Siku ya nne alichapisha kurasa za namba 3,870 hadi 3,873, akazikata kwa mkasi mstari mmoja mmoja, akapanga vipande mbele yake. Mimi nikakalishwa upande wa pili wa meza na trei ya plastiki. Nilikuwa Mgeni. Angenipa kipande kimoja, nami nifanye nilichoagizwa na programu yangu tu, bila nyongeza. Tulikwenda vizuri. Nilipokea MWANZO 3,871, nikapokea jina la yule msichana, nikapokea vipimo vyake vya miaka minne, vyote nikaviweka kwenye trei. Kipande kilichofuata kiliandikwa MWANZO 3,872. Mkono wangu ukasita. Yeye akagonga meza: "Usitumie akili. Mgeni hana akili, ana maagizo." Nikaweka kipande kwenye trei. Nikaweka na jina la mlinzi mstaafu, na umri wake, na wayo wake wa saizi arobaini na tatu. Ndipo ukaja MWISHO, nikafunga.

Trei moja, watu wawili. Jina la juu la mtoto, kipimo cha chini cha mzee. Na mlinzi mstaafu mwenyewe, aliyetumikia lango la kiwanda miaka ishirini na mbili, alikuwa amefutika duniani kwa kadiri ya kadi zetu. Mama Mwisho aliitazama trei akafurahi waziwazi. "Kumbe hivi ndivyo anavyokula! Hajui kusema basi."

Nilichokiona mimi kilikuwa kingine. Chini ya vipimo vya msichana hapakuwa na MWISHO. Nikaamini kwamba nimegundua kosa la mtu mwangalifu kuliko wote ofisini, tena kosa lililorudiwa mara 143, miezi miwili kabla ya kustaafu kwake. Niliona aibu kumwambia. Alipoitwa dirishani nikaiongezea programu agizo jipya: popote unapokuta MWANZO kabla ya MWISHO, chomeka MWISHO wewe mwenyewe. Ilichukua dakika kumi. Kadi zikatoka 4,212 kamili, na kila mtu na kipimo chake. Nilipeleka hesabu kwa mkuu wa karakana, naye akanipa mkono. Nilijiona nimemfichia mama wa watu aibu.

Kesho yake asubuhi alitaka kuona. Alishusha skrini taratibu mpaka 3,871, akashuka tena, akakuta nyingine, na nyingine. Kisha akaniuliza, wala si kwa ukali: "Huyu mtoto nani kakwambia amemaliza?"

Nikamweleza kwa kigugumizi kwamba mstari ulisahauliwa. Akaniambia haukusahauliwa. Yule msichana ana miaka tisa. Atakua mwaka huu, na mwaka ujao, na mingine kama minane hivi, na kila mwaka mguu wake utabaki nyuma. Kila Januari Mama Mwisho hupita faili lote tangu juu, hutafuta kila MWANZO usio na MWISHO, na kwa kila aliye bado mtoto huandika barua: mleteni apimwe. Hakuna orodha nyingine. Hakuna daftari, hakuna alama ukutani. Tangu faili lilipoanza, kilichowakumbuka watoto wale ni mstari ambao haukuandikwa, nami kwa dakika kumi nilikuwa nimewaandikia wote kwamba shughuli yao imekwisha.

Nilisema kwa sauti ndogo kwamba nilifanya kwenye nakala, faili lenyewe sikuligusa. Akanitazama juu ya miwani, akaanza kucheka mpaka akaivua. "Woga wako una faida, mwanangu. Unaweka nakala."

Mkuu wa karakana hakuwa na kicheko. Kwenye kikao cha Jumatatu alisema, na kwa upande wake alikuwa na haki, kwamba mfumo mpya unataka kadi zilizofungwa, hesabu imeshatimia, na tarehe 28 haisogei. Mama Mwisho alijibu kwamba anaweza kuondoka bila sherehe, bila zawadi na bila wasifu, lakini hataacha nyuma watoto ambao hakuna atakayewaita. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote na kuuliza kama Mgeni anaweza kufundishwa neno la tatu.

Lilikuwa swali zuri, na ajabu ni kwamba lilikuwa jepesi. Programu ilihitaji tu kukumbuka kama iko ndani ya mtu au nje. Ikiwa ndani na ikakutana na MWANZO mwingine, ifunge kadi ya kwanza kwa alama ya pekee, iweke jina kwenye orodha, kisha ianze upya. Na faili likiisha ghafla, ifanye hivyohivyo kwa mtu wa mwisho, kwa maana yeye pia angeweza kupotea. Swali hilo Mama Mwisho alikwishaliuliza siku ya kwanza, nami sikulielewa. Tulichobishania ni alama yenyewe. Mimi nilipendekeza HAIJAKAMILIKA. Akakataa, akasema mtoto si barua iliyokatika. Akaandika mwenyewe kwenye karatasi: ANANGOJWA.

Wiki iliyopita tulilijaribu faili zima. Kadi 4,212, zikiwemo 143 zenye alama ya ANANGOJWA. Niliagizwa nisome orodha hiyo kikaoni, karakana nzima ikiwa imekaa. Watoto 108. Wagonjwa 26 ambao miguu yao bado imebanwa kwenye jiliwa la fundi hivi sasa. Wanane waliovalishwa mguu wakaondoka bila kutembea hadi bombani. Akabaki mmoja, namba 212, aliyeletwa akiwa na miaka kumi na mmoja, ana vipimo kumi na vitatu, na cha mwisho kina miaka kumi na minane. Nikalisoma jina lake kwa sauti, nikauliza kama kuna anayemfahamu huyu mtu.

Vichwa vikageukia mlangoni. Nilimfahamu mimi mwenyewe, ila kwa jina la kazi tu, kama tunavyomfahamu wote. Alikuwa amekaa karibu na mlango, sindano mkononi. Ni mshona mikanda wetu, ambaye kwa miaka kumi na tisa ameshona mikanda ya kila mguu unaotoka hapa.

Nilitamani sakafu inimeze. Baadaye alitusimulia kwamba alipokuwa mtoto alianguka karibu na bomba akiujaribu mguu wake, na watu wa benchi wakacheka. Tangu siku hiyo hakuipita tena korido ile. Huingia kwa mlango wa nyuma, kupitia stoo ya mbao, na sote tulidhani anapenda tu kivuli cha huko. Aliweka sindano chini, akamtazama Mama Mwisho. "Kumbe bado mnaningoja?"

Akajibiwa kwamba ndiyo, ila hakuna aliyemharakisha.

Jumatano wiki hii, saa nne asubuhi, alitokea mlango wa mbele wa karakana. Fundi mkuu akazima mashine ya msasa bila kuombwa. Benchi lilikuwa limejaa, na yule msichana wa miaka tisa alikuwapo. Tulimwita tena kwa barua na nauli ya ofisi, na alikuwa amevaa mguu wa saizi yake kwa nusu saa tayari. Mshona mikanda akatembea. Alifika bombani, akagusa koki kama mtu anayehakikisha ipo, akarudi. Mama Mwisho alikuwa ameinamisha kichwa, vidole juu ya kibodi. Sote tulikuwa tunavitazama vidole.

Akainua mkono dirishani. Wa kushoto unachelewa kufika, akasema. Mkanda wa juu umelegea.

Mshona mikanda wa watu elfu nne alijishika paja, akaupapasa mkanda wake, na kicheko chake ndicho kilichotangulia vicheko vyetu vyote. Msichana naye akamsogelea: "Hata mimi walinikosea. Utazoea." Mama Mwisho akamwambia mshona mikanda arudi Jumanne.

Mkuu wa karakana akamkumbusha taratibu kwamba Jumanne atakuwa amekwisha kustaafu. Akasema anajua, masikio yapo, na akanionyesha kwa kidevu. Nilijitetea kwamba mimi sisikii tofauti yoyote, kwangu hatua zote ni hatua. Akasema nitasikia, kwa kuwa mtu mwenye hofu husikiliza kuliko mwingine. Kisha akazima skrini yake. Namba 212 aliiacha kama ilivyokuwa.

Kwa niaba ya mafundi, wahudumu na wote waliowahi kurudishwa kutoka dirisha lile, tunamshukuru kwa kadi alizoziunganisha kwa kibano, kwa barua za kila Januari, na kwa kutotumalizia mtu kabla ya wakati wake. Kutokana na kazi yake, mfumo mpya una orodha ya wanaongojwa, na makao makuu wameandika kuuliza wazo hilo lilitoka wapi. Tumewajibu kwamba lilitoka kwenye trei ya plastiki.

Mama yetu, tunakuombea afya, mapumziko marefu, wajukuu wenye maswali mengi kama yako, na njia zisizo na ngazi nyingi. Jumanne saa nne dirisha litakuwa wazi. Nitainamisha kichwa, sitatazama, na nitasikiliza mpaka bombani na kurudi. Nikiwa na shaka, nitainua mkono.